Ufuo Si Mahame: Rasi na Pwani katika Fasihi ya Mwambao

Utangulizi

Katika mijadala ya darasani juu ya fasihi ya Kiswahili hurudiwa mara kwa mara hukumu moja ambayo aghalabu huachwa ipite bila kuulizwa. Husemwa ya kwamba washairi wetu wa zamani hawakuiona mandhari. Waliishi kando ya bahari, lakini hawakuisawiri. Waliifanya mfano wa dunia au wa mapenzi, kisha ufuo wenyewe wakaupa mgongo. Mwanafunzi akisha kuisikia hukumu hii, hufungua kitabu cha safari kilichoandikwa na mgeni, akakuta kurasa nzima za rasi zenye majabali na fuo ndogo zilizojificha baina yake, akaondoka na imani kwamba wageni ndio waliotuonyesha pwani yetu.

Makala haya yanakusudia kuipinga hukumu hiyo. Dai letu ni kwamba rasi na ufuo vimo katika fasihi ya mwambao tangu kale, ila vimo kwa namna ya ujuzi, si kwa namna ya picha. Mhakiki asiyejua bamvua na maji mafu, asiyejua mahali chombo kinapoweza kutia nanga na mahali kinapovunjika, atapita juu ya beti hizo bila kuona kitu, kisha atasema hamna kitu. Wala suala hili si la kitaaluma tu. Anayeuita ufuo mahame amekwisha kuanza kuudai, na lugha ndiyo shoka la kwanza linalofyeka njia yake.

Ushahidi wa maneno

Yafaa tuanze na maneno yenyewe, kwa kuwa msamiati ni fasihi iliyotungwa na watu wote pamoja. Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa. Pwani ni palipopwa, mahali palipoachwa na maji. Kwa asili, basi, neno hilo lilitaja mahali na wakati kwa pamoja: ni pwani saa hizi, na baada ya saa sita hivi patakuwa bahari. Katika upwa wetu, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, jambo hili si dogo. Eneo kubwa ambalo asubuhi watu hutembea kwa miguu wakitafuta pweza, alasiri hupitwa na mashua.

Mwambao nao umetokana na kuambaa, yaani kupita kandokando bila kugusa. Neno pwani lilitungwa na mtu aliyesimama nchi kavu akingojea maji yatoke. Neno mwambao lilitungwa na mtu aliye chomboni, akipita huku rasi zikimfuata moja baada ya moja. Lugha yetu inayo macho yote mawili, ya nchi na ya majini. Tukiongeza kipwa, fungu, mlango, hori, kilindi na kizingiti, tutaona kwamba kila neno hujibu swali la nahodha: hapa hupita? hapa hulala? hapa huvunja?

Majina ya mahali yanashuhudia jambo hilohilo. Kilindini, huko Mombasa, humwambia mwenye chombo kwamba maji yana kina. Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, humkumbusha kwamba penye mlango pana kizingiti. Kaskazini mwa Pemba, katika nchi inayokwenda kuishia Ras Kigomasha, upo ufuo uitwao Vumawimbi. Watalii huusifu kwa weupe wa mchanga wake; walioupa jina waliusikia kabla hawajauangalia. Jina hilo limetungwa kwa sikio. Usiku wa giza weupe wa mchanga haumsaidii mtu, lakini uvumi wa mawimbi humwonya. Nani atasema kwamba watu hawa hawakuiona mandhari? Waliisikiliza pia.

Macho ya jahazini

Sasa tuutazame upande wa pili, ambao mwanafunzi wetu aliuona kuwa bora. Katika miaka ya 1822 hadi 1826 Kapteni W. F. W. Owen wa jeshi la majini la Uingereza aliongoza merikebu zake, Leven na Barracouta, katika kazi ya kupima na kuchora pwani za Afrika. Habari za safari hizo zilichapwa London mwaka 1833. Hatuna sababu ya kuidharau kazi yake. Ilikuwa ya bidii, na mabaharia wake wengi walikufa kwa homa. Lakini mhakiki hana budi kuuliza kazi hiyo iliitazama pwani kutoka wapi na kwa ajili ya nani.

Iliitazama kutoka majini, kwa ajili ya merikebu itakayokuja baadaye. Katika maandishi ya namna hii rasi ni umbo linalojitokeza kwenye upeo wa macho, lenye urefu na mwelekeo. Walio juu yake hutajwa pale wanapokuwa msaada au kikwazo. Kisha huja tendo la kutoa majina. Mwaka 1824 Owen aliitia Mombasa chini ya ulinzi wa Uingereza kwa mapatano na Wamazrui, akamwacha huko Luteni Reitz awe msimamizi. Reitz alifariki mwaka uo huo, na hori kubwa ya magharibi ya kisiwa ikaitwa Port Reitz. Jina hilo lipo hata leo. Tulilinganishe na jirani yake. Kilindini ni jina linalosema habari ya maji. Port Reitz ni jina linalosema habari ya kijana mmoja aliyefia ugenini. La kwanza lilitolewa na waliokuwa wakipatumia mahali pale. La pili na waliokuwa wakipapita. Hatusemi kwamba marehemu hakustahili kukumbukwa. Tunasema tu kwamba jina lake halimfundishi mtu kuingiza chombo.

Mrithi wa mwandiko huo katika zama zetu ni tangazo la utalii. Hapo rasi imekuwa pambo, na ufuo umekuwa wa siri, wa faragha, usiokanyagwa. Tuchukue mfano wa Watamu. Rasi zake za mawe ni matumbawe ya kale, yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa, yapata miaka 125,000 iliyopita. Mawimbi yameyala kwa chini hata yamebaki kama uyoga, na baina yake zimo fuo ndogo ambazo mtu hawezi kuziona mpaka azizunguke. Ni mahali pa ajabu kwelikweli, na si kosa kupasifu. Lakini kusema fuo hizo hazikukanyagwa, ilhali magofu ya mji wa Gede yako kilomita chache tu kutoka hapo, ni kuandika hadithi ya kubuni na kuiuza kama habari.

Matumbawe ya Inkishafi

Tukiisha kuyatambua macho hayo mawili, tunaweza kurudi kwenye ushairi na kuusoma kwa haki. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate ni mfano unaotumiwa sana na wanaodai kwamba bahari kwetu ni tamathali tu. Ni kweli kwamba mshairi huifananisha dunia na bahari iliyochafuka, ambayo anayeipanda hupata hasara. Lakini bahari hiyo ina matumbawe, na hapo ndipo msomaji mwenye haraka hujikwaa bila kujua kwamba amejikwaa.

Tumbawe halikai katika kina kirefu. Huota karibu na uso wa maji, mahali penye mwanga, nalo katika upwa wetu limejipanga sambamba na nchi kavu, likiacha milango michache ya kupitia. Chombo kilichovuka bahari kutoka Arabuni kwa pepo za kaskazi kilikuwa kimekwisha kuyapita maji makuu. Tumbawe lilikingoja mwishoni, pale nahodha alipokuwa amekwisha kuiona minazi ya kwao. Kwa hiyo bahari ya Inkishafi siyo ile ya mbali yenye dhoruba na upweke. Ni bahari ya mlangoni. Mshairi anasema kwamba dunia humwangamiza mtu akiwa karibu na nyumbani, akiwa ametulia, akidhani safari imekwisha. Mtu wa Pate alilijua hili vizuri, kwani mji wake wenyewe umezungukwa na maji haba ambayo vyombo huyaingia maji yakijaa tu.

Lipo na jambo la pili. Baadaye utenzi huingia katika majumba ya Pate yaliyoanguka, na vidaka vilivyokuwa vikipangwa vyombo vya thamani sasa ni viota vya ndege. Wahakiki wengine wameona hapa mshairi ameiacha bahari na kuingia mjini. Lakini majumba hayo yalijengwa kwa nini? Yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilichomwa kutoka kwa matumbawe. Jiwe linalovunja chombo na jiwe linalosimamisha ukuta ni jiwe moja. Utajiri uliojenga nyumba ulipita juu ya mwamba huo, na nyumba yenyewe ilikatwa humo. Nyumba ikianguka, hurudi kuwa jiwe la pwani. Tukiusoma utenzi hivi, mifano yake miwili inashikana kama mawe ya ukuta mmoja. Mshairi hakuusawiri ufuo wa Pate kwa sababu aliujenga ndani ya hoja yake.

Ufuo wa Shela

Kutoka Pate twende kusini kidogo hadi kisiwa cha Lamu, kwenye ufuo wa Shela. Ufuo huu hutajwa katika matangazo kwa urefu wake wa kilomita 12 hivi, na kwa utulivu wake. Mbele yake, ng'ambo ya mlango, iko Ras Kitau ya kisiwa cha Manda. Mtu akisimama hapo asubuhi, maji yakiwa yametoka, ataona mchanga mtupu hata macho yachoke. Ataweza kuamini kwamba hapajawahi kutokea jambo.

Mnamo miaka ya 1810 majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yaliteremka hapa ili kuishika Lamu. Walishindwa. Mapokeo yanasema kwamba waliporudi mbio kwenye vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa, na vyombo vilikuwa vimekaa juu ya mchanga. Wengi waliuawa papo hapo ufuoni. Baada ya ushindi huo watu wa Lamu, wakihofia kisasi, walimwelekea Seyyid Said wa Omani awalinde. Kwa hakika historia ya mwambao wote iligeuka hapo. Methali isemayo maji yakijaa hupwa husomwa shuleni kama nasaha juu ya utajiri na umaskini. Ufuoni Shela ilikuwa hukumu ya kifo.

Vita hivyo, viitwavyo Vita vya Kuduhu, vilikuwa pia vita vya ushairi. Washairi wa pande zote walijibizana, na majina yanayotajwa zaidi ni Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyahariri na kuyachapisha mashairi hayo mwaka 1995 kwa jina la Mashairi ya Vita vya Kuduhu. Msomaji atakayeyafungua akitafuta sifa za mchanga atarudi mikono mitupu. Kuna vitisho, kejeli na mafumbo. Hakuna anayekaa kitako kumweleza mwenzake ufuo ulivyo. Je, hili ni pungufu la sanaa?

Sisi hatuoni hivyo. Mashairi haya yalitungwa baina ya watu waliojuana. Kumweleza mtu wa Lamu sura ya ufuo wa Shela ingekuwa kama kumweleza sura ya baraza ya nyumba yake. Maelezo ya mandhari huzaliwa pale mwandishi anapomwandikia asiyepajua mahali, nayo ni fani ya ugeni. Fani ya wenyeji ni kudokeza. Kwa hiyo kazi ya mhakiki wa leo, ambaye naye ni mgeni wa karne ile hata akiwa mzaliwa wa Lamu, ni kurudisha kile ambacho mshairi hakuhitaji kukisema: upana wa mchanga maji yakitoka, na saa zinazopita kabla hayajarudi. Mhakiki asiyefanya hivyo huwalaumu washairi kwa ujinga wake mwenyewe.

Hata hivyo, utetezi wetu usigeuke kuwa sifa tupu. Ushairi huo wa majibizano ulikuwa wa wanaume wenye hadhi, nao ulinyamaza juu ya wengi walioijua pwani kuliko wao: wanawake waliookota chaza na pweza maji yakipwa, na watumwa waliokata boriti za mikoko na kubeba mawe ya kujengea. Wakati mwingine jina la mahali limekumbuka kile ambacho shairi limekisahau. Karibu na Mtwapa, kando kabisa ya bahari, yako magofu ya mji wa kale ambao jina lake la asili halikutufikia. Watu wamepaita Jumba la Mtwana. Mtwana ni mtumwa mwanamume. Hatuwezi kulitungia jina hilo kisa, lakini tunaweza kuona kwamba midomo ya watu ilihifadhi neno ambalo kalamu za wakubwa hazikuwa na haja nalo.

Kalamu za baadaye

Waandishi wa karne ya 20 wameipokeaje amana hii? Tutaje wawili. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, katika Sambo ya Kiwandeo iliyochapwa mwaka 1979, alikusanya katika tungo ujuzi wa chombo cha Lamu tangu kuundwa kwake. Nia yake ya kuokoa msamiati ni dhahiri, na pengine nia hiyo huulemea utungo, hata mahali fulani ukasomeka kama orodha. Lakini orodha ya namna hii ina heshima yake. Mafundi wakipungua, neno lisiloandikwa huzikwa pamoja na mwenye nalo.

Adam Shafi, katika riwaya ya Kuli ya mwaka 1979 pia, alifanya jambo tofauti. Alitupeleka bandarini Unguja, mahali bahari inapokutana na mshahara, akasimulia maisha ya makuli katika miaka iliyoelekea kwenye mgomo wa 1948. Hapo ukingo wa bahari ni uwanja wa kazi na wa mapambano ya kitabaka. Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, walibaki na macho ya wenyeji: mahali hujulikana kwa kazi inayofanyika hapo.

Tukiwaacha hao na kugeukia insha za wanafunzi wetu, tunakuta bahari nyingine. Humo upepo huwa mwanana siku zote, mchanga huwa mweupe pepepe, na mawimbi huubusu ufuo. Mawimbi yalianza lini kubusu katika Kiswahili? Yalianza pale tulipotafsiri tangazo neno kwa neno na kulifanya kielelezo cha lugha ya kupendeza. Mtoto wa mvuvi huandika hivyo ili apate alama, ilhali nyumbani kwao yako maneno ya upepo, ya maji na ya mchanga ambayo mwalimu wake hayajui. Anafundishwa kuitazama pwani ya baba yake kwa macho ya mpangaji wa wiki mbili. Hili tunaliona kuwa hasara kubwa kuliko makosa yote ya sarufi tunayoyasahihisha.

Hitimisho

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya aliteremka pwani pamoja na wanafunzi, tukifuata kichochoro baina ya kuta mbili. Bawabu wa hoteli moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, alituzuia akisema ufuo ule ni wa faragha. Nyuma yetu alikuja bibi mmoja mwenye kapu na kijiti cha kuchokolea pweza. Wanafunzi walimwamkia, "Shikamoo, bibi." Aliitikia, akamtazama bawabu, akasema kwa upole, "Mwanangu, maji yametoka." Hakuongeza neno. Bawabu alisogea, naye akapita, nasi tukamfuata. Huko chini alituonyesha mashimo na mawe, akiyataja moja moja kwa majina.

Sentensi ile fupi ilikuwa na hoja kamili ndani yake. Maji yametoka, kwa hiyo hapa ni pwani, kwa hiyo mimi nina kazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inaihesabu kuwa ardhi ya umma nchi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa. Ukiisoma vizuri, hiyo ndiyo maana ya asili ya neno pwani, iliyokuwa katika lugha kabla ya kuingia katika sheria. Ila sheria hiyo haikutaja kichochoro cha kuteremkia, na ni katika kichochoro hicho ambapo neno faragha hufanya kazi yake.

Shela nako vile vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya ufuo, ambavyo macho ya mpita njia huviona vitupu, ndivyo vinavyohifadhi maji ya mvua na kuvilisha visima vya watu wa Shela na Lamu. Anayesema hapo ni patupu na pajengwe, anasema pia, bila kujua, kwamba visima vikauke.

Hatuwaombi waandishi wetu wakatae kusifu uzuri. Tunawaomba waujue kabla ya kuusifu. Vilevile tunaziomba idara zetu za lugha zimpeleke mwanafunzi pwani maji yakiwa yametoka, akiwa na daftari, aulize jina la kila rasi, kila fungu na kila jiwe, na kazi yake, na nani alimwambia msimulizi. Akirudi na majina hayo, aisome tena Inkishafi.